Mvua Iliyomchelewesha Mzee Kipimo

Jumatatu, 3 Machi

Baba, mvua za msimu zimeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza daftari hili leo jioni. Ulipoondoka kwenda kujenga daraja ulilalamika kwamba barua za Mama huwa na maneno mawili tu, "tuko salama", na kwamba mtu aliye mbali hashibi kwa maneno mawili. Mimi nakuahidi yote. Nitaandika mazuri na mabaya, pamoja na yale ambayo Mama angesema hayafai kuandikwa, na mvua zikiisha nitampa dereva wa lori la saruji akuletee.

Ya leo ni haya. Bati la darasa letu linavuja juu ya dawati langu, kwa hiyo nimehamia kwa msichana anayetafuna kalamu. Mama bado yuko kituoni kwenye chumba cha vitu vilivyookotwa, kule alikowekwa baada ya kumbishia Mkuu wa Kituo mbele ya watu. Mpelelezi mzima anaandika lebo za miavuli. Mkuu akipita mlangoni humwita Mama Miavuli, na wenzake hucheka. Mama hajibu. Nimeahidi ukweli, basi nauandika: natamani angejibu. Wakati mwingine namwonea aibu, kisha najionea aibu mwenyewe kwa kumwonea aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Miavuli mingine, na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto.

Jumanne, 11 Machi

Baada ya shule nilipita kituoni kumsubiri Mama. Nikamkuta Mzee Kipimo, fundi wetu wa majeneza, amesimama mbele ya meza yake, kofia mkononi, maji yakimchuruzika mabegani. Tangu uondoke hajapata mtu wa kucheza naye drafti. Anasema Bwana Pole ni mshirika mzuri wa duka lakini kwenye drafti analala kabla ya kete ya tatu.

Aliniangalia kuanzia unyayo hadi utosi, kama kawaida yake.

"Mzee, ukimaliza kunipima uniambie urefu wangu," nikasema.

"Wewe mbao zako ziko msituni bado, mjukuu wangu. Ziache zikue."

Kisha akamgeukia Mama na sauti yake ikashuka. "Binti yangu, nikuulize. Kitu nimekitengeneza kwa mkono wangu, nikampa mwenyewe, akaondoka nacho. Baadaye nakikuta kimerudi dukani. Hicho mnakiandika kimepotea au kimeibwa?"

"Inategemea mwenyewe yuko wapi, Mzee."

"Mwenyewe hawezi kuja kudai."

Mama aliweka kalamu chini. Lakini wakati huohuo Mkuu alitoka ofisini kwake na kuuliza kama na Mzee naye amepoteza mwavuli. Mzee Kipimo akavaa kofia yake mbichi. "Nitarudi mvua ikipungua," akasema.

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya mawe ilinikuta karibu na soko, nikakimbilia kwenye duka la majeneza. Bwana Pole alinipa kitambaa nijifute na akanivutia kiti mbali na madirisha. Unamjua, haulizi habari bila kutanguliza pole: pole na shule, pole na mvua, pole na baba kuwa mbali. Aliniambia kazi yake si kuzika bali ni kuwasaidia watu walale vizuri. Nadhani huyu ndiye mtu mpole kuliko wote ninaowajua. Mama angeweza kujifunza kwake namna ya kuzungumza na watu.

Jumatano, 19 Machi

Baba, Mzee Kipimo amefariki. Nasikitika kwamba nakuandikia hivi na wewe utaisoma peke yako kwenye kambi.

Msichana wake wa kazi, yule tunayemwita Chapchap, alipeleka chai chumbani asubuhi akamkuta ameshapoa. Akakimbia dukani kumwita Bwana Pole. Daktari wa mtaa ameandika ni moyo, kwa kuwa sote tulijua Mzee ana moyo mgonjwa. Watazika Jumamosi.

Ijumaa, 21 Machi

Leo tulikwenda kumuaga. Amelazwa ukumbi wa mbele wa duka, ndani ya jeneza alilolipiga randa mwenyewe. Walimvalisha shati jeupe lililofungwa vifungo hadi kooni. Uso umepakwa poda na midomo imepakwa rangi kidogo. Kwa kuwa Mzee hakuwa na mke wala mtoto aliyebaki, Bwana Pole ndiye aliyesimama pale kama ndugu, macho yamemvimba.

"Alifia usingizini," alimwambia kila aliyeingia. "Amefumba macho, amefumba mdomo, kama mtoto mchanga."

Watu walitikisa vichwa na kusema heri kufa hivyo.

"Ulimkuta wewe, shemeji?" Mama akamuuliza.

"Alinikimbilia yule binti wa kazi. Nilipofika alikuwa hivyohivyo. Hata sikuhitaji kumrekebisha."

Mama aliinama juu ya Mzee muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Nilimvuta mkono. Tulipopita soko akazungumza akitazama mbele, chini ya mwavuli.

"Mtu akifa, taya hulegea. Mdomo unafunguka, awe mwema, awe mbaya. Babu yako aliandaa maiti maisha yake yote, na mimi nilimshikia taa. Una saa chache za kuufunga kabla mwili haujakakamaa. Ukimkuta maiti asubuhi na mdomo umefungwa, ujue kuna mtu aliufunga usiku."

"Labda Mzee alikufa tofauti."

"Labda," Mama akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Nilimkasirikia. Tumetoka kumwona mtu analia, na yeye ameona taya tu.

Jumamosi, 22 Machi

Mazishi yameahirishwa. Makaburini kila shimo linalochimbwa linajaa maji kabla ya wachimbaji kupanda juu.

Jumatatu, 24 Machi

Mama alimwendea Mkuu na kuomba maiti ichunguzwe. Nilikuwa nje ya mlango na vitabu vyangu, na mlango ule haufungi vizuri.

"Unataka nimzuie mtu asizikwe kwa sababu ana adabu ya kufumba mdomo?" Mkuu alisema. Wengine wakaangua kicheko.

"Msichana wa kazi ndiye aliyemwona kwanza. Siku ya pili Bwana Pole akampa nauli arudi kwa dada yake, akamwambia asijisumbue kurudi. Nataka kumsikia."

"Yuko wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Daraja la miguu limesombwa."

"Basi ogelea. Ukiniletea shahidi, chai yako nitakuletea mwenyewe, kwa mikono hii miwili. Sasa hivi nenda kwenye miavuli."

Alipotoka hakuwa amekunja uso. Alinishika bega tu akasema twende, viazi vitaungua jikoni, na hapakuwa na viazi jikoni. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameumia.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Makaburi yamejaa.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Ukuta wa maabara umebomoka, shule imefungwa hadi tutakapotangaziwa. Mama ananichukua kwenda naye kituoni. Nimejifunza kuandika lebo.

Leo alinieleza jambo nami nalieleza hapa. Mzee Kipimo akizikwa, hakuna atakayeomba afukuliwe, maana anayesimama kama ndugu yake ni Bwana Pole tu, na daktari ameshaandika moyo. Mvua ikiendelea, Mzee anabaki kwenye chumba cha baridi, lakini na Chapchap anabaki ng'ambo. Mvua ikikatika, njia ya Chapchap inafunguka, na kaburi nalo linafunguka.

"Kwa hiyo tunaomba mvua au jua?" nikamuuliza.

"Tunaomba mto uwe na haraka kuliko makaburi."

Jumamosi, 29 Machi

Mvua.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Jirani wa chini ameilaani kwa sauti, akatuuliza kama nasi hatujachoka nayo. Tukasema tumechoka.

Jumanne, 1 Aprili

Manyunyu tu. Mama ameamka kabla yangu, anatazama mawingu kama mwenye shamba.

Jumatano, 2 Aprili

Jua. Mtaa mzima umetoa magodoro nje, watu wanaitana kutoka dirisha hadi dirisha. Mama na mimi tulikaa kimya kama wafiwa.

Alasiri Bwana Pole alipita akiwa na mwavuli uliofungwa. "Keshokutwa, shemeji. Saa nane mchana. Tumpumzishe sasa, amesubiri vya kutosha." Akanigeukia. "Pole na shule, mwanangu."

Nilimtazama mikono. Ni mikono safi sana, kucha fupi. 

Alhamisi, 3 Aprili

Jua. Tulikwenda mtoni. Maji yalikuwa kifuani mwa mtu mzima, yanakimbia na matawi. Tukarudi.

Ijumaa, 4 Aprili

Baba, kaa vizuri, leo ni ndefu.

Tulifika mtoni jua linachomoza. Maji yalikuwa yameshuka hadi mapajani. Wanaume walikuwa wamefunga kamba toka mti hadi mti, wanavusha watu mmoja mmoja, na zamu yetu ilifika karibu saa nne. Mama alivua viatu, akanishika kifundo cha mkono, akasema nisitazame maji, nitazame mgongo wake. Nilitazama mgongo wake mpaka ng'ambo.

Chapchap alikuwa uani kwa dada yake, anafua mablanketi yaliyolowa mafuriko. Unamkumbuka, anaongea kama anakimbizwa. Lakini alipomwona Mama aliziba mdomo.

"Sijui kitu, afande. Nilimkuta amekufa, basi. Mimi sikumgusa."

Mama hakumsukuma. Aliniambia, "Msaidie dada yako kukamua, mimi naenda kutazama maji," akaondoka kabisa.

Tulishika blanketi, yeye huku mimi kule, tukalisokota. Tukasokota la pili, halafu kinywa chake kikamshinda.

"Huko mjini wanasema sikumtunza, eti?"

"Sijasikia hivyo, dada."

"Watasema. Binti wa kazi hakosi kosa. Nilimtunza! Hata kale kataulo kake ka kidevuni nilikafua, nikakaanika, nikakakunja nikakarudisha kabatini. Nani angefanya hivyo siku ya msiba?"

Nikaendelea kukamua. "Taulo la kidevuni ni lipi, dada?"

"Si lile alilolala nalo. Hapa," akajigusa chini ya kidevu kwa mkono wenye sabuni. "Gumu kama kigongo. Nikajua Mzee alisikia baridi ya shingo. Na mito miwili chini ya kichwa! Yeye na mto walikuwa paka na panya, alikuwa analalia mkono wake. Na taulo lenyewe nilihangaika kulifungua, ncha imefundikwa ndani kama soksi. Sasa mtu gani anajifundika hivyo halafu analala?"

Niliacha blanketi likaanguka matopeni. Nilimkimbilia Mama, naye alikuwa hajaenda mbali. Alirudi, akapiga magoti mbele ya beseni, sketi yake yote kwenye povu.

"Mwanangu, hujafanya kosa," alimwambia Chapchap. "Nionyeshe lilivyokuwa."

Chapchap alichukua taulo kavu. Alilikunja mara tatu kwa urefu, akaliviringisha kwa nguvu, akafundika ncha kwa ndani. Mama alinilaza kwenye mkeka, akanyanyua kichwa changu juu ya nguo zilizokunjwa, akaniwekea lile taulo chini ya kidevu. Nilijaribu kusema neno, nikashindwa. Meno yalikuwa yamekutana.

"Hii ni kazi ya mwandaa maiti," Mama akasema. "Babu yako alifunga kwa utepe. Huyu anafundika ndani."

Tulivuka mto watatu. Mama hakupita kituoni. Alikwenda moja kwa moja kwa hakimu, mama mmoja mwenye miwani mizito, tukamkuta anakula mkate wake juu ya mafaili. Alimsikiliza Chapchap bila kumkatiza, akamwomba aviringishe taulo tena mbele yake, akaliweka lile taulo kwenye bahasha kubwa na kuligonga muhuri. Kisha akamtazama Mama miguuni. Mama hakuwa na viatu, matope yamempanda hadi magotini.

"Mazishi saa ngapi?"

"Saa nane, mheshimiwa."

"Na sasa ni saa nane kasorobo," hakimu akasema, akaandika amri yake kwa kusimama.

Tulipanda gari dogo la polisi, mimi na Chapchap nyuma. Tulipofika makaburini watu walikuwa wamezunguka shimo, na kamba zilikuwa tayari chini ya jeneza, wanaume wanne wamejipanga kulishusha. Mama aliruka kabla gari halijasimama. Alipita katikati ya watu wenye nguo zao nzuri, pekupeku, karatasi juu ya kichwa.

"Simamisheni kamba."

Alisema kwa sauti ya kawaida. Wale wanaume walisimama.

Bwana Pole aligeuka polepole. "Shemeji, unamdhalilisha marehemu."

"Namchelewesha tu, shemeji. Mvua imemchelewesha wiki mbili na hakulalamika."

Jeneza likarudishwa kwenye gari. Baba, sikuwahi kumwona Mama hivyo. Au labda alikuwa hivyo siku zote, na mimi nilikuwa natazama miavuli.

Jumamosi, 5 Aprili

Daktari wa hospitali amemchunguza Mzee. Chini ya ile rangi midomo ilikuwa imechubuka kwa ndani, ilipokandamizwa kwenye meno. Aliwekewa kitu usoni akabanwa mpaka pumzi ikaisha. Mama alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Lakini nalia ninapoandika. Mkuu amemweka Chapchap ndani. Bwana Pole alikwenda kituoni mwenyewe, kwa upole, akasema hapendi kumshuku mtu, ila binti yule alikuwa peke yake nyumbani na Mzee, na amekiri kufua taulo. Mama alijibu kwamba mlango haukuvunjwa na kwamba hawa washirika wawili kila mmoja alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake. Mkuu akasema ufunguo hauui mtu.

"Na kuviringisha ameviringisha mwenyewe mbele ya hakimu," aliongeza. "Unataka ushahidi gani tena?"

Mimi ndiye niliyemtoa maneno yale kinywani, nikamvusha mto mpaka rumande. Nilipopita mbele ya dirisha la rumande Chapchap aliniambia, "Kumbe aliyekuwa anakamuliwa ni mimi."

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imerudi. Mama hagusi chakula. Anaviringisha mataulo yote ya nyumbani na kuyafungua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Wakati wa chakula cha usiku Mama aliinua kichwa akasema, "Chapchap alijifunza kwa kulifungua. Mwenye kazi hajifunzi. Mikono yake inajua." Akala, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jumanne, 8 Aprili

Sikuwapo, kwa hiyo naandika kama alivyonisimulia Mama, na nimemsomea ili asahihishe.

Daktari alipokagua midomo alikata uzi walioishonea dukani, na mdomo wa Mzee ukabaki wazi. Mama alimwomba asiuguse. Akamtumia Bwana Pole ujumbe kwamba uchunguzi umekwisha, aje hospitali amwandae mwenzake upya kwa mazishi. Dereva wao wa gari la maiti, anayemsaidia kuandaa, amekuwa safarini tangu kabla ya msiba, na hakuna mwingine dukani anayeandaa. Mkuu alikuja pia. Alisema anakuja kumwona Mama Miavuli akiaibika mara ya mwisho.

Chumbani Mama hakusema lolote. Aliweka rundo la mataulo kwenye rafu, kati ya sabuni na pamba, akasimama ukutani.

Bwana Pole aliingia, akavua koti, akafunua shuka. Mama anasema uso wake ulibadilika, na kwamba kwa miaka yote hajawahi kumwona akikasirika.

"Mmemwacha hivi?" alisema. "Mmemwacha hivi, watu wazima?"

Hakusubiri jibu. Alivuta taulo kwenye rafu bila kulitazama. Akalikunja mara tatu kwa urefu, akaliviringisha, akafundika ncha ndani kwa kidole gumba. Akanyanyua kichwa cha Mzee, akaweka vigogo viwili chini yake, akaingiza lile taulo chini ya kidevu na kulibana kidogo, taratibu, mpaka mdomo ukafunga.

Ndipo Mama alipofungua bahasha yenye muhuri wa hakimu, akaweka taulo la Chapchap mezani, karibu na mkono wake. Yalikuwa mapacha.

"Kufundika huku umekujua tangu lini, shemeji?" akamuuliza.

"Tangu nikiwa kijana. Bwana aliyenifundisha..." Akayatazama mataulo yote mawili. Mkuu naye alikuwa anayatazama.

"Hakuna mwingine mtaani anayefundika hivi," Mama akasema. "Binti wa kazi aliliona lako."

Mama anasema mvua ilisikika sana juu ya bati. Kisha Bwana Pole akasema, bila kuinua kichwa, "Nisingeweza kumwacha mdomo wazi, shemeji. Alikuwa rafiki yangu."

"Najua. Kaa chini."

Akakaa, akaeleza yote. Watu wakishaondoka makaburini, yeye na wachimbaji wake wawili walikuwa wakimtoa maiti na kumrudisha shimoni bila jeneza, na jeneza likarudi dukani kupigwa msasa na kuuzwa upya. Mzee Kipimo aliletewa mfuniko autie rangi mpya, akatambua kwamba ni mfuniko wake, aliomtengenezea mwalimu mmoja aliyekufa mwaka jana. Alimpa Bwana Pole muda aende kwa familia mwenyewe, la sivyo ataenda yeye kwa Mama. Bwana Pole alikwenda kumwomba anyamaze. Mzee alikataa, akamwambia aende nyumbani akalale, akajilaza. Hayo mengine daktari ameshayaona.

Ilipofika jioni Mkuu aliingia chumba cha vitu vilivyookotwa. Nilikuwapo. Alikuwa amebeba kikombe cha chai kwa mikono miwili, kimejaa hadi ukingoni, anatembea kama anavuka daraja la kamba. Akakiweka mbele ya Mama. 

"Sukari?" Mama akamuuliza.

Mkuu akarudi kuchukua sukari.

Chapchap aliachiwa kabla giza halijaingia. Nilimsubiri nje na mwavuli, nikamwomba msamaha. "Nisamehe nini?" akasema. "Mle ndani wana vyombo vichafu hivyo, nimeosha vyote. Wanataka niajiriwe." Kisha akanikumbatia, akalia kidogo, akaniambia nisimwambie mtu. Nakuambia wewe tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumemzika Mzee Kipimo. Manyunyu yalikuwapo lakini shimo lilibaki kavu. Safari hii hatukuondoka mpaka udongo wote ulipojaa, na Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mwanamke mmoja, mjane wa yule mwalimu, alisimama karibu nasi muda wote. Alipoondoka alimshika Mama mkono.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Familia zinakuja kituoni, foleni imefika barabarani. Wachimbaji wale wawili wamekamatwa na wanaonyesha makaburi. Mama amepewa chumba chake cha zamani na watu wawili wa kumsaidia, mmoja wao ni yule aliyekuwa akicheka kwa nguvu kuliko wote. Anamwita "afande" mara mbili katika sentensi moja.

Ijumaa, 2 Mei

Shule imefunguliwa. Wasichana waliniuliza kama ni kweli mama yangu alisimamisha mazishi bila viatu. Nikasema ni kweli. Nilisema taratibu, ili wanaokaa nyuma nao wasikie.

Jioni nilisoma tena niliyoandika tarehe 16 Machi, kwamba Bwana Pole ni mpole kuliko wote na kwamba Mama angejifunza kwake. Nilitaka kuchana ukurasa, lakini nimeuacha, kwa kuwa niliahidi yote. Nimemuuliza Mama kama upole wake ulikuwa wa uongo. Alifikiri, akasema haukuwa wa uongo, ila haukutosha.

Alhamisi, 15 Mei

Manyunyu ya mwisho, nadhani. Chapchap ameajiriwa kwenye jiko la hospitali. Wapishi wanasema hawajawahi kumaliza kazi mapema hivi wala kusikia habari nyingi hivi.

Jumanne, 20 Mei

Jua, na mbingu haina hata kiraka. Dereva wa lori la saruji amekuja kuuliza kama nina mzigo wako. Anapakia asubuhi, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho.

Kesi inaanza kusikilizwa mwezi ujao, Jumatatu ya pili. Mama ni shahidi wa kwanza. Hakimu atakuwa mwingine, na mawakili wametoka mbali. Jana nilimsikia Mama chumbani akifanya mazoezi ya kusema jina lake na cheo chake, na alipofika kwenye cheo alirudia mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu kipya na kuona kinamtosha.

Nataka kuwamo ukumbini, Baba. Siku hiyo tuna mtihani wa hesabu. Mwalimu Mkuu amekubali niufanye siku nyingine, lakini anataka neno la wazazi wote wawili. Mama anaogopa kwamba mle yatasemwa mambo ya kumtia mtoto ndoto mbaya. Nilimwambia nimeshayaandika yote kwa mkono wangu na nalala vizuri. Akacheka, akatia sahihi, akasema, "Sasa iliyobaki ni ya baba yako."

Watamwita kwa jina lake lote na watasema "mpelelezi". Watu wote watasimama akiapa, na Mkuu atakuwa amekaa kwenye benchi na wengine. Nataka kuwa pale nisikie kwa masikio yangu, nisije nikasimuliwa. Dereva anasema atakaa kambini usiku mmoja tu kisha anageuza lori. Mpe jibu lako mkononi kabla hajawasha gari: unaniruhusu niende nikamsikilize Mama?